Usikimbilie Bahari: Kumtafuta Babu Aliyekuja na Meli

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Haya ni yale niliyoongea siku ile kuhusu kumtafuta babu aliyehamia kutoka ng'ambo, wengi mlisema mlikuwa mnaandika haraka mkapitwa, kwahiyo nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivohivo.

Ile methali ya mwacha asili mshaisikia tangu shule ya msingi, mi sianzi nayo. Nianze na swali, ni nani hapa kwao kuna stori ya ndugu watatu? Ehee, naona mikono. Walipanda meli ndugu watatu, mmoja akafa njiani, mmoja akaenda zake kusini hajasikika tena, na wa tatu ndo babu yetu. Sasa mi nimesaidia watu kutafuta koo zao miaka kadhaa, na hao ndugu watatu nimekutana nao kila taifa, kila dini, kila rangi, mpaka najiuliza hivi zamani ndugu wawili walikuwa hawauziwi tiketi? Stori ya pili ni ya jina, babu alifika bandarini karani akashindwa kulitamka jina lake akampachika jingine. Ya tatu, babu alizamia meli. Wazamiaji walikuwepo, sikatai, ila kwa idadi ya niliosimuliwa meli zingekuwa zinasafiri na wazamiaji watupu bila abiria hata mmoja.

Sisemi wazee wenu ni waongo, mnielewe. Ndani ya hizo stori huwa kuna punje ya kweli, jina la mtu, jina la meli, vita fulani. Andikeni zote kama zilivyosimuliwa, msizirekebishe, alafu wekeni pembeni kwanza.

Kosa langu nalisema mapema ili mnicheke tuendelee. Rafiki yangu mmoja aliniomba nimsaidie kumtafuta baba wa babu yake. Mhamiaji, alifika akiwa kijana, akaoa, akazaa, akafia ugenini. Tulikuwa na jina, tulikuwa na mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, na tulijua nchi aliyotoka. Nchi tu. Mi na haraka zangu nikaruka moja kwa moja kwenye vitabu vya ubatizo vya huko kwao, vimeskaniwa vipo kwenye intaneti, nikasachi, huyu hapa! Jina lilelile, mwaka uleule, hata jina la baba linaendana. Tukafurahi sana. Tukapanda kwa wazazi wake, kwa mababu zake, mpaka miaka ya 1700, rafiki yangu akaprinti mti wote wa ukoo akautia fremu akautundika sebuleni. Miaka miwili umekaa pale. Siku moja napekua kitabu cha mazishi cha parokia ileile natafuta mtu mwingine kabisa, namuona yule mtoto, kazikwa, ana mwaka mmoja na miezi minne. Yani mzee tuliyemtundika ukutani alikufa hata kuongea vizuri hajajua, sasa huyo alipanda meli saa ngapi? Nilikaa na hiyo habari wiki nzima kabla sijampigia simu mwenyewe.

Hapo ndo nikakoma kuvuka bahari mapema.

Nieleze kwanini. Ukijua nchi tu bado hujajua kitu. Kule alikotoka kumbukumbu nyingi za zamani hazikuwekwa kinchi, ziliwekwa kwa parokia, kwa kijiji, kwa wilaya, kila mahali na kitabu chake na karani wake na mwandiko wake mbaya. Na majina yanajirudia vibaya mno mana watu walikuwa wanarithisha majina ya babu na bibi, binamu wanne wote jina moja, na mtoto akifa anayezaliwa baada yake anapewa lilelile. Kwahiyo unachotafuta ni jina la kijiji, na jina la kijiji mara nyingi halipatikani kule alikotoka, linapatikana huku alikofia. Limeandikwa kwenye karatasi fulani huku, na mara nyingi karatasi yenyewe hata siyo yake.

Na msidhani mjinga nilikuwa mi peke yangu. Tarehe 1 Januari 1892 kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kule New York kilifunguliwa, na wa kwanza kuandikwa alikuwa binti wa miaka 17 kutoka Cork, Ireland, anaitwa Annie Moore, kaja na wadogo zake wawili wa kiume kuwafuata wazazi waliotangulia. Akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakaandika, basi, akapotea. Miaka na miaka ikawa inasimuliwa kwamba alienda zake magharibi akafia Texas, na ukoo wa huko ukawa unaalikwa kwenye sherehe kama wajukuu wa Annie. Mwaka 2006 mtafiti wa koo Megan Smolenyak akaonyesha kuwa yule Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois. Marekani hapohapo, hajawahi kuwa mhamiaji hata siku moja! Annie mwenyewe kumbe hakuondoka New York, aliolewa pale, akazaa watoto wengi, kadhaa wakafa wadogo, akafariki 1924 akazikwa Queens, hapohapo New York, kwenye kaburi lisilo na jina, jiwe limekuja kuwekwa 2008. Na unajua njia ilifunguliwa na nini? Karatasi za uraia za mdogo wake, Philip. Watu wanamtafuta Annie miaka yote, ye amekaa kwenye faili la mdogo wake.

Mtu maarufu kiasi kile, ana sanamu, na bado walimchanganya na mwenye jina kama lake. Sembuse babu yako ambaye hakupewa hata senti.

Haya, tunaanzia wapi. Tunaanzia mwisho wake tunarudi nyuma. Ila hata kabla ya karatasi kuna wazee, na wazee hawasubiri, karatasi itakusubiri. Tatizo letu tunauliza vibaya. Unamkalisha bibi chini unamuuliza “bibi, sisi asili yetu wapi?” anakujibu jina la nchi, imeisha. Muulize vitu vidogo. Barua zilikuwa zinatoka kwa nani, nani alikuwa anamsomea mzee hizo barua, alikuwa anahesabu hela kwa lugha gani, akikasirika anatukana kwa lugha gani (hiyo hata waliosahau kila kitu wanaikumbuka), nani alimpokea siku ya kwanza, alilala kwa nani. Huyo aliyempokea mwandikeni kwa herufi kubwa. Alafu omba masanduku. Mhuri wa posta juu ya bahasha, picha ya zamani ukiigeuza nyuma unakuta mhuri wa studio na jina la mji, kitabu cha sala kimeandikwa tarehe za kuzaliwa watoto jaladani. Piga picha pande zote mbili, hata ule upande unaouona mtupu. Na urekodi sauti, mana we unaandika jina la kijiji unavyolisikia we, kumbe kwenye rekodi baadae mtu anayeijua lugha ile anakwambia hapana, bibi hajasema hivo.

Baada ya wazee ndo karatasi za mwisho. Cheti cha kifo, tangazo la kifo gazetini, jiwe la kaburi, kitabu cha ndoa cha kanisa. Jiwe la kaburi watu wanalidharau, lakini wahamiaji wengi waliozikwa ugenini waliandikiwa kijiji chao palepale, na kwa lugha yao, labda ndo mahali pekee kilipotajwa. Cheti cha kifo nacho kiangalie chini kwa aliyetoa taarifa. Kama ni mkwe, tena kaulizwa siku ya msiba jina la mama mzazi wa marehemu, mama aliyebaki ng'ambo miaka hamsini nyuma, atalijulia wapi? Anataja lolote. Kwahiyo cheti kinaweza kuwa sahihi kabisa kwa tarehe ya kifo na ovyo kabisa kwa kuzaliwa, karatasi moja.

Sensa ndo zinakupa mwaka wa kufika. Natolea mfano Marekani mana kumbukumbu zao ziko wazi na wengi wenu ndugu zenu walipitia kule. Sensa ya 1900 iliuliza mtu ameingia nchini mwaka gani, na kwenye safu ya uraia utakuta vifupisho vya herufi mbilimbili, Al maana yake bado mgeni, Pa amechukua karatasi za kwanza za kuomba uraia, Na kamaliza ni raia. Sensa ya 1920 ikaongeza mwaka aliopata uraia wenyewe. Mkishaona Na mnajua kuna faili mahali, mkalitafute. Usishangae babu huyohuyo kwenye sensa tatu ana miaka mitatu tofauti ya kufika, aliyejibu mlangoni labda alikuwa mke, labda jirani. Chukua zote, uwe na dirisha la miaka kumi hivi.

Karatasi za uraia kule Marekani zina kabla na baada, na mpaka wake ni Septemba 1906. Kabla ya hapo mahakama yoyote ilikuwa inaweza kutoa uraia, kila moja na fomu yake, unasafiri mpaka mahakamani unafungua faili kwa mikono inatetemeka unakuta limeandikwa “Austria” na kwamba anamkana mfalme wa Austria. Kijiji hamna. Baada ya hapo fomu zikawa za aina moja nchi nzima, tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli, bandari, mke, watoto. Tofauti yake ni usiku na mchana. Na wanawake wasikutie wasiwasi, mpaka 1922 mke kwa kawaida alikuwa anapata uraia kupitia wa mumewe, kwahiyo kukosa faili la bibi haina maana hakuwa raia, fungua la babu. Na kama babu alikufa na zile karatasi za kwanza tu bila kumaliza, zenyewe zinaweza kuwepo bado, zitafute.

Sasa tufike melini, najua ndo mlikuwa mnasubiri hii.

Orodha za abiria wa meli kuingia bandari za Marekani zinaanzia 1820, mana sheria ya 1819 iliwalazimisha manahodha kuzikabidhi forodhani. Hizo za mwanzo ni maskini, jina, umri, kazi, nchi. Jinsi miaka inavyokwenda maswali yanaongezeka, na kuanzia kama 1907 fomu inakuwa tamu sana. Hebu tuisome moja pamoja, niliwaonyesha siku ile kwenye skrini. Karatasi kubwa, mistari thelathini, kila mstari mtu mmoja. Jina, umri, ameoa au hajaoa, kazi, anasoma anaandika, taifa, kabila, kisha mahali alipoishi mara ya mwisho. Kisha safu ambayo mi nikifika naacha hata chai ipoe, jina na anwani kamili ya ndugu wa karibu kule alikotoka. Baba yake fulani, kijiji fulani! Kisha anaenda kwa nani, tiketi kalipa nani, ana hela kiasi gani mfukoni, urefu, rangi ya macho, kovu kama analo, na mwisho kabisa mahali alipozaliwa.

Wengi wanaikosa kwasababu orodha ina kurasa mbili. Unabonyeza matokeo, inakuja picha ya ukurasa wa kushoto, unaprinti, unafunga. Ukurasa wa kulia wenye kuzaliwa na wenye anaenda kwa nani upo picha inayofuata. Bonyeza mshale. Nimeshamuona mtu ana orodha ya babu yake miaka sita kwenye faili na hajawahi kubonyeza ule mshale, nilimbonyezea mi akakaa chini. Alafu angalia maandishi ya pembeni. Namba ndefu na tarehe zimeandikwa kwa mwandiko mwingine juu ya jina, hizo mara nyingi ziliandikwa miaka baadae alipoomba uraia wakarudi kuhakikisha kweli aliingia na ile meli, hasa kuanzia 1926. Yani orodha ya kufika inakwambia faili la uraia lipo. Na ukiona herufi X pembeni kushoto mara nyingi ujue alizuiwa kidogo, basi nenda mwisho kabisa wa orodha ya meli ile, kuna karatasi za waliozuiwa, imeandikwa sababu na nani alikuja kumchukua.

Na ile stori ya jina kubadilishwa Ellis Island tuimalize hapa. Makarani wa pale hawakuwa wanaandika majina upya, walikuwa na orodha mkononi iliyoandikwa na kampuni ya meli bandari aliyoondokea, wanasoma wanaweka tiki, na wakalimani walikuwepo. Jina aliyelibadilisha ni babu mwenyewe, baadae, kwasababu bosi kiwandani hawezi kulitamka au kwasababu amechoka kuchekwa. Kwahiyo melini mtafute kwa jina la nyumbani. Schmidt usimtafute kwa Smith.

Kwenye tahajia kuna ujanja wa zamani unaitwa Soundex, ulisajiliwa 1918. Unabaki na herufi ya kwanza, irabu unatupa, konsonanti zinazofanana sauti zinapewa namba moja, mwisho unapata herufi na tarakimu tatu. Moore, More na Muir zote zinatoka M600, kwahiyo mashine inakuletea zote kwa pamoja. Udhaifu wake ni ile herufi ya kwanza, Kowalski aliyeandikwa na karani kwa C hatakutana na wa K mpaka kiama, hapo utumie akili yako na alama ya nyota (*), inayokaa badala ya herufi usizozijua.

Mipaka nayo inahama mtu akiwa amekaa palepale. Mji wa Lviv leo uko Ukraine. Mtu aliyezaliwa pale 1900 kazaliwa Lemberg ndani ya Austria na Hungaria, kati ya vita mbili kuu mji ni Lwów wa Poland, baada ya vita ya pili ni Lvov wa Umoja wa Kisovieti. Babu huyohuyo sensa ya 1910 anatoka Austria, ya 1920 anatoka Poland, wajukuu wanagombana msibani nani mwongo. Hakuna mwongo. Tafuteni kamusi ya majina ya mahali ya zama zile, siyo ramani ya simu.

Kuna waliosema “mi nilitafuta nikaambiwa ziliungua”. Ni kweli ziliungua. Majengo ya mbao ya Ellis Island yaliungua Juni 1897 na kumbukumbu za uhamiaji za tangu 1855 zikateketea. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote ilikwenda na moto wa 1921 na uzembe uliofuata. Dublin 1922 jengo la kumbukumbu la Four Courts liliungua vitani, sensa za Ireland za 1821 mpaka 1851 zikabaki vipande. Bremen, bandari ya Ujerumani, orodha nyingi za abiria walioondoka pale hazipo, nyingine zilitupwa tu ofisini eti nafasi haitoshi, hiyo inaniuma kuliko moto. Lakini sikiliza, ukiambiwa imeungua uliza nakala ilikwenda wapi. Moto wa Ellis Island haukugusa zile orodha za forodhani, zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, ndomana New York unasoma tangu 1820. Ireland sensa za 1901 na 1911 zimepona na ziko wazi bure. Hamburg, Ujerumani hukohuko, orodha za walioondoka 1850 mpaka 1934 zipo, na zile huandika alikotoka. Uingereza orodha za waliotoka 1890 mpaka 1960 zipo kwenye hifadhi yao ya taifa, Kew, London. Safari ina bandari mbili, watu wanatafuta moja.

Wapo ambao karatasi yao ni ya aina nyingine kabisa. Wale vibarua wa mikataba kutoka India, waliopelekwa Mauritius tangu 1834, Natal kule Afrika Kusini tangu 1860, Fiji tangu 1879. Mauritius peke yake karibu nusu milioni. Kila mmoja alikuwa na namba na karatasi, na karatasi ile imejaa kuliko ya matajiri wengi, jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji, thana, zila (yani wilaya). Thana ni eneo la kituo cha polisi kilichosimamia kijiji, anzeni nalo hilo, mana jina la kijiji liliandikwa na karani kwa kusikia sikio tu na linaweza kuwa vijiji kumi, ukipata thana vinabaki viwili. Mauritius kumbukumbu hizo ziko Mahatma Gandhi Institute, na baadhi zina picha. Fikiria unamuona sura.

Wachina wa Marekani nao wana majaribu yao. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua mpaka 1943, wakabaki wachache wa kuingia, mmojawapo mwenye baba raia. Tetemeko na moto wa San Francisco 1906 ukateketeza vyeti vya kuzaliwa, watu wakadai walizaliwa pale, wakadai na wana kule China, nafasi za hao wana zikauzwa. Wakaitwa wana wa karatasi. Kituo cha Angel Island, 1910 hadi 1940, kikawa kinawahoji siku nyingi, nyumba yenu ya ngapi kutoka kisimani, jirani wa upande wa pili nani, dirisha linatazama wapi, na majibu yote yakaandikwa. Leo mjukuu anafungua faili anapata kijiji kizima hadi ramani, na asijue kama ni kijiji cha babu yake au cha yule aliyeuza jina. Hapo mi huwa nakaa kimya kwanza. Ukoo mzima umebeba jina la mtu mwingine vizazi vinne, na siri yenyewe ndo iliyowalisha.

Na wale waliobebwa kwa nguvu utumwani siwaiti wahamiaji, ila vilembwe vyao wapo hapa na wameuliza. Marekani ukuta wao ni 1870, ndo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa jina, zile za 1850 na 1860 waliandikwa umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mmiliki. Msife moyo hapo. Benki ya Freedman, ya watumwa waliopewa uhuru, ya 1865 hadi 1874 ilikuwa inawauliza wateja wapya majina ya wazazi na ndugu na walikozaliwa, mana wengi hawakujua kusaini, ndo ilikuwa alama yao. Na kwa waliookolewa kwenye meli zilizokamatwa baharini kuna majina zaidi ya 91,000, ya Kiafrika kabisa, yameandikwa na makarani wa mahakama.

DNA mtaniuliza kwahiyo nijibu haraka. Zile asilimia za nchi ni makadirio, kampuni ikipata data mpya inabadilisha na we unaamka umekuwa mtu mwingine. Cha maana ni orodha ya mechi, watu mnaochangia nao damu, mmoja wao anaweza kuwa ana ile barua. Ila ujue kabla hujatema mate kwenye kichupa, inaweza kukwambia babu siye babu, na hayo matokeo siyo yako peke yako, kuna mama yako.

Na miti ya watu wengine kwenye mitandao msikopi. FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, ni bure, filamu milioni 2.4 wamemaliza kuziskani 2021, zitumieni, ila angalieni picha ya karatasi yenyewe, siyo mti aliochora mtu asiyejulikana. Mti wangu ule wa makosa kuna watu walishaukopi. Nimewaandikia. Upo bado.

Turudi kwa rafiki yangu basi. Tulianza upya, safari hii kutoka kaburini. Tulipofika kwenye orodha ya meli, safu ya kuzaliwa kwenye mstari wake ilikuwa na doa la wino, limefunika lote, imebaki herufi ya mwisho. Nilikuza ile picha mpaka ikawa mraba mraba, hamna. Nilikuwa nataka kufunga kompyuta, nikasema hebu nisome na majirani zake. Mistari miwili chini kuna kijana mwingine, jina tofauti kabisa la ukoo, lakini anaenda nyumba ileile, namba ileile ya mtaa, na ya kwake inasomeka vizuri. Kijiji kinaishia na herufi ileile. Tukakitafuta kitabu cha kijiji kile, ubatizo upo, na safari hii mazishi ya utotoni nilisoma miaka kumi mbele, jina kwa jina, mpaka rafiki yangu akaniambia sasa imetosha. Ndugu zake tukawaona pale. Walikuwa wawili tu, na mmoja ni dada.

Fremu ya zamani bado ipo sebuleni, mti mpya kauweka mbele ya ule wa zamani humohumo kwenye kioo. Nilipomuuliza kwanini asiutoe alisema yule mtoto naye tumemuita babu miaka miwili, tumtupe wapi.

Haya, naona mkono kule nyuma, mama karibu, na kipaza sauti kipo hapo kulia kwako.